Diski za Matundu na Mteremko wa Kitonga

Msikilizaji, leo nimeingia studio na vyuma. Juu ya meza hii, pembeni ya kipaza sauti, nina diski mbili za breki za mbele, zote za Toyota Mark X. Moja ni bapa, ya kawaida, kama zinavyotoka kiwandani. Nyingine imetobolewa matundu uso mzima, yamepangwa kwa mistari iliyopinda kama miale ya jua. Nimezifunga kamba zining'inie, na mkononi nina spana. Nagonga ile bapa. Umesikia? Inalia, na mlio wake unachelewa kufa. Sasa nagonga ya matundu. Tap, basi. Ni sauti ya chungu chenye ufa.

Na ufa upo kweli. Ni mwembamba kama unywele, unaanzia kwenye tundu la ndani, unapita la kati, unakwenda kutokea ukingoni. Nikipitisha ukucha, unakwama. Upande huu mmoja nimehesabu nyufa kumi na moja. Kumi ni fupi, urefu wa punje ya mchele. Huu mmoja ndio uliofika mwisho wa safari. Diski hii ilikuwa kwenye gari la mpwa wangu, na siku ilipopashwa joto kwa mara ya mwisho mimi nilikuwa nimekaa kiti cha mbele, kushoto kwake.

Kwa hiyo ninapoulizwa kama diski za matundu, au zile zenye mifereji, zinafaa kununuliwa, sijibu kwa kukisia. Kwa gari la nyumbani, linalokupeleka kazini Jumatatu na kukupeleka kwenu mwezi Desemba, matundu hayafai. Mifereji ina hoja zake, nitaifikia. Lakini kwanza nikueleze jinsi zile diski zilivyopatikana.

Mpwa wangu alikwenda Kariakoo kutafuta diski baada ya zake za zamani kuliwa. Aliingia duka moja la spea akaomba diski za kawaida. Muuzaji akamwambia, "Braza, hizo za kizamani. Chukua hizi za mashindano, zinapoa haraka, zinakamata palepale." Bei yake ilikuwa karibu mara mbili. Akalipa. Na sikatai, zilipendeza mno zilipoonekana katikati ya spoku za rimu. Usiku ule alinipigia simu. "Shikamoo mjomba. Gari sasa lina breki!" Nilifurahi pamoja naye, kwa sababu kijana anayetumia pesa yake kwenye breki badala ya spika ni kijana wa kupongezwa. Kosa halikuwa nia yake. Kosa lilikuwa yale maneno mawili aliyouziwa pamoja na chuma: zinakamata, zinapoa.

Tuanze na kukamata. Breki haisimamishi gari. Breki inasimamisha gurudumu, na kinachosimamisha gari ni tairi kwenye lami. Gari likiwa zima, ukikanyaga kwa nguvu zako zote ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, diski bapa ya kiwandani ina uwezo wa kuyafunga magurudumu mpaka ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, ianze kutetemesha pedali chini ya mguu. Ukilisikia lile tetemeko, ujue breki imeshamaliza kazi yake, iliyobaki ni ya tairi. Kwenye lami kavu, kwa matairi mazuri, gari dogo litasimama baada ya takribani mita 40 tangu breki zishike. Toboa diski matundu kadiri unavyotaka, zile mita hazipungui. Tairi likiwa kipara na mvua inanyesha, zinaongezeka sana. Kwa hiyo anayetaka gari likamate, duka la kuingia ni la matairi.

Sasa kupoa, na hapa nataka tupige hesabu pamoja, maana ndipo watu wengi wanapopotezwa.

Gari la kilo 1,500, ambao ni karibu uzito wa Mark X, likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa limebeba nishati ya karibu kilojuli 580. Ukilisimamisha, nishati ile haipotei, inageuka joto kwenye diski. Kwa lugha ya jikoni, joto lile linatosha kuchemsha karibu lita mbili za maji ya bomba, na wewe umelitoa kwa sekunde tatu, nne. Diski za mbele ndizo hubeba mzigo mkubwa, tuseme asilimia 70. Kama kila diski ina kilo 8, breki moja ya namna hiyo inaipandisha nyuzijoto 55 hivi. Chuma chenyewe ndicho ghala la kulihifadhi joto lile mpaka upepo ulichukue. Kila tundu ni chuma kilichoachwa sakafuni mwa karakana kama unga. Joto ni lilelile, ghala ndilo lililopunguzwa. Maana yake, unapokanyaga breki ya ghafla, diski ya matundu inapanda joto zaidi ya ile bapa, si pungufu.

Utaniambia, lakini baadaye upepo utapita kwenye yale matundu. Utapita, na utasaidia kiasi. Ila kazi kubwa ya kupoza inafanywa mahali ambapo mnunuzi hatazami. Igeuze diski ya mbele uitazame ubavuni. Utaona ni sahani mbili zimeshikanishwa, na kati yake kuna mapezi ya chuma na nafasi ya hewa. Gurudumu likizunguka, mapezi yale yanavuta hewa kutoka kitovuni na kuitema ukingoni, kama feni. Diski bapa ya kiwandani ina feni hiyo tayari, na mpwa wangu alikuwa ameshailipia siku aliponunua gari.

Hata hivyo, matundu hayakubuniwa na wajinga. Yana historia, na historia yenyewe ni nzuri. Mwingereza Frederick Lanchester alipewa hataza ya breki ya diski mwaka 1902, akitumia vyuma vya wakati wake, na wazo likalala muda mrefu. Mwaka 1953 Jaguar ilipeleka magari ya C-Type kwenye mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, yakiwa na breki za diski wakati wengi wa wapinzani bado walikuwa na breki za ngoma. Madereva wa Jaguar walikuwa wanachelewa kukanyaga breki, wanaingia kona wakiwa bado na kasi, na wakashinda. Miaka miwili baadaye, 1955, Citroën DS ikaleta diski kwa mnunuzi wa kawaida.

Pedi za enzi zile zilikuwa za asibesto iliyoshikanishwa kwa gundi, na gundi ile ikipata joto kali ilitoa gesi. Gesi ilijipenyeza kati ya pedi na diski, na dereva akajikuta anakanyaga breki ngumu kama jiwe ambayo haishiki. Wahandisi wakatoboa diski ili gesi ipate pa kutokea. Kwenye magari ya mbio kama Porsche 917 matundu yalipunguza uzito pia, na kwenye mbio kila gramu inahesabiwa. Nyufa hazikuwanyima usingizi, kwa sababu timu ya mbio inakagua diski kila inapotoka uwanjani, na ikiona ufa inaitupa na kufunga mpya.

Pedi za leo zimebadilika. Zinapikwa kiwandani kabla ya kuingia kwenye boksi, na sehemu kubwa ya gesi ile inatokea hukohuko. Ugonjwa ulioleta dawa ya matundu umekwisha kwa kiasi kikubwa, dawa ndiyo inaendelea kuuzwa. Na wale wanaotuonyesha picha za Formula 1, wakisema mbona kule diski zina matundu zaidi ya 1,000, waitazame vizuri ile picha. Diski zile ni za kaboni, si za chuma, na matundu yake yanapita ndani ya unene wa diski kutoka katikati kwenda ukingoni. Ni njia za hewa, kama yale mapezi niliyokueleza. Hayatoboi uso ambao pedi inasugua.

Nirudi kwenye safari. Desemba iliyopita tulikuwa tunatoka Iringa kurudi Dar es Salaam. Tulisimama Ilula tukanunua nyanya, matenga mawili, tukazipakia nyuma, tukaanza kuushuka mlima Kitonga. Anayeujua mlima ule hahitaji maelezo. Ni kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, na mbele yako kuna malori marefu yanayotoka Zambia na Kongo kwenda bandarini, yanashuka kwa mwendo wa mtu mzima anayetembea. Mpwa wangu alikuwa ameacha gia kwenye D na mguu wake haukutoka kwenye breki. Nilikaa kimya kona mbili. Ya tatu nikasikia harufu, ile harufu kali ya kitu kama nywele zinazoungua.

"Mwanangu, shusha gia."

"Mjomba, hii ni automatiki."

"Hata automatiki ina gia. Sogeza, ushuke mpaka ya pili."

Alisogeza. Injini ikapiga kelele, gari likajizuia lenyewe, akaondoa mguu. Lakini alipoukanyaga tena kabla ya kona iliyofuata, pedali ilizama mpaka karibu na sakafu. Niliona anavyobadilika uso. Akapampu mara tatu, nne, ikapanda kidogo. Tulimaliza mlima kwa gia ya pili, halafu ya kwanza, na sala.

Hesabu ya mlima ni mbaya kuliko ya lami tambarare. Kila mita 100 unazoshuka kwenda chini, lile gari la kilo 1,500 linatoa kilojuli 1,470. Hiyo ni sawa na breki mbili na nusu za kutoka kilomita 100 kwa saa hadi sifuri. Na Kitonga si mita 100, ni mamia ya mita. Kama joto lote unaliachia breki, hakuna diski ya barabarani, bapa wala ya matundu, itakayolimeza kwa raha. Injini ukiipa gia ndogo inabeba sehemu kubwa ya mzigo ule bure, bila kuungua kitu.

Na pedali iliyozama? Ile haikuwa diski kabisa. Yalikuwa mafuta ya breki. Mafuta yale yana tabia ya kunywa unyevu wa hewani, na hewa yetu ya pwani ina unyevu wa kutosha. DOT 3 mpya inatakiwa kuhimili angalau nyuzijoto 205 kabla ya kuchemka, ila ikishanywa maji kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 inaanzia 230, ikilowa inashuka hadi 155. Joto la diski linapita kwenye pedi, linaingia kwenye pistoni, linafika kwenye mafuta, mafuta yanachemka na kutoa mvuke. Mvuke unabonyezeka. Unakanyaga pedali, unabonyeza mvuke, na breki hazipati kitu. Nilipomuuliza mpwa wangu mafuta ya breki yalibadilishwa lini, alinyamaza. Gari lilikuwa naye mwaka wa tatu. Pesa ya diski za mashindano ilipatikana, pesa ya chupa moja ya mafuta haikukumbukwa.

Tulipofika tambarare, Mahenge, nilimwambia asisimame mara moja, aendelee taratibu ili upepo upoze. Tuliposimama, moshi bado ulikuwa unatoka kwenye magurudumu ya mbele. Kijana mmoja wa pale akaja mbio na ndoo. "Shikamoo mzee, nimwagie maji?" Nilimshukuru na kumzuia. Diski ni chuma cha kusubu, na chuma hicho kikishapata moto wa namna ile, ukikimwagia maji kinasinyaa ghafla upande mmoja kabla ya mwingine, na hapo ndipo kinapochanika. Vijana wa kuosha magari nao wanielewe: gari likifika limetoka mwendo mrefu, osha kwanza vioo na bodi, magurudumu yawe ya mwisho.

Dar es Salaam fundi alipofungua gurudumu, usukani ukiwa unatetemeka tangu Mikumi, ndipo tukaiona hii ninayoigonga. Sasa sogea karibu nami. Chuma cha kusubu kina nguvu ukikibana, hakina nguvu ukikivuta. Diski ikipata moto inatanuka, ikipoa inajivuta, na mvuto ule wote unakusanyika pale ambapo chuma kimekatizwa. Kwenye tundu. Hapa nikipapasa mdomo wa tundu kwa kidole, ni mkali kama kopo lililofunguliwa kwa kisu, haukulainishwa. Na nikimulika tochi kupitia tundu hili ulikoanzia ufa mrefu, naona nusu ya pezi la ndani imekatwa na keekee. Maana yake, mtu alichukua diski bapa ya kawaida, akaitoboa kwa kufuata mchoro wa kupendeza bila kujali mapezi yalipo, akaipandisha bei. Zipo diski za matundu zilizotengenezwa kwa uangalifu, matundu yamepangwa kupita kati ya mapezi na midomo imechongwa vizuri. Hii siyo, na ukiwa dukani umesimama mbele ya kaunta ni vigumu sana kuzitofautisha.

Diski za mifereji sasa. Hizi hazitobolewi, zinachorwa mistari isiyo na kina kirefu juu ya uso wa diski. Mfereji unakwangua uso wa pedi kila inapopita, unatoa vumbi, unatoa maji, unatoa gesi kama ipo, na chuma kinachopotea ni kidogo. Ndiyo maana magari mengi ya mbio yanayotumia diski za chuma yanakwenda na mifereji, hayaendi na matundu. Gharama yake ni kwamba pedi zinaisha mapema na breki zinanguruma chini ya miguu. Anayefanya mashindano ya magari, au anayevuta tela zito kila siku na ameshaweka sawa mambo mengine yote, ninamwelewa akinunua za mifereji. Wewe unayetoka Mbagala kwenda Posta kwenye foleni, utakuwa unanunua kelele na kuzimaliza pedi zako. Zile zenye vyote viwili, matundu na mifereji pamoja, zina udhaifu wa vyote viwili, na sioni gari la barabara zetu linalozihitaji.

Wa bodaboda watasema, mbona pikipiki zetu zenye diski zimekuja na matundu tangu kiwandani? Kweli, na pale ni mahali pake. Diski ya pikipiki ni sahani moja nyembamba ya chuma cha pua, imekaa wazi kwenye mvua na upepo, inabeba chombo chepesi. Matundu yanapunguza uzito na yanasaidia kufuta maji ili mshiko wa kwanza usichelewe. Vivyo hivyo, kama gari lako la kifahari limekuja na matundu kutoka kwa mtengenezaji, rudisha za aina ileile. Aliyelitengeneza alipima. Kwa gari la kawaida wakati wa masika, ukitoka kwenye dimbwi gusa breki kidogo mara mbili, tatu, ukiwa kwenye mwendo. Maji yatakauka.

Basi, ukienda kununua, nunua diski bapa yenye mapezi, ya mtengenezaji unayemwamini, na ununue jozi. Soma maandishi kwenye kitovu chake: utakuta unene wa mwisho umeandikwa, kwa mfano milimita 26 kwa diski iliyoanza na 28. Fundi akikwambia ya zamani inafaa kuchongwa tu, mwombe aipime kwanza mbele yako, kwa sababu diski nyembamba nayo ni ghala lililopunguzwa. Ukishafunga pedi mpya, tafuta barabara tulivu, upunguze mwendo kutoka 60 hadi 15 mara kumi hivi bila kusimama kabisa, ili pedi na diski vizoeane. Mafuta ya breki badilisha kila miaka miwili, na fundi atoe yote ya zamani mpaka yatoke masafi kwenye kila gurudumu, asiongezee juu tu.

Mpwa wangu alifunga diski bapa. Kwa pesa ambayo zamani ingeishia kwenye matundu alinunua pedi nzuri, DOT 4, na matairi mawili ya mbele. Mwezi uliopita tulishuka tena Kitonga, akiwa gia ya pili tangu kona ya kwanza. Tuliposimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu nilipitisha mkono karibu na rimu bila kuigusa: joto la kawaida, hakuna harufu, na pedali ilikuwa juu palepale ilipokuwa Ilula.

Msikilizaji, kesho asubuhi kabla hujawasha gari, fungua boneti. Tafuta kile kikopo kidogo cha mafuta ya breki, kwa kawaida kiko upande wa dereva karibu na kioo. Tazama rangi. Mafuta mapya ni ya manjano hafifu, yanakaribia rangi ya maji. Ukiyakuta meusi kama kahawa, pitia kwa fundi kwanza, ndipo upange safari ya Iringa.